Gari la Bingwa

Jina la Shangazi alipewa na wezi. Kwa kazi alikuwa inspekta wa upelelezi, lakini alikuwa na tabia ya kuingia nyumbani kwa mtu akauliza habari za watoto, akauliza na ule mguu unaosumbua, akavuta kiti, akapewa chai, na alipoinuka kuaga mwenyeji alikuwa amekwisha kusema yote aliyoapa kutosema. Kituoni walidhani anapenda chai. Waliokuwa jela walijua zaidi.

Asubuhi ile chai aliipata gerejini kwa Bingwa, ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kufanywa kochi la wageni. Pembeni yake alikaa Sajenti Redio, mtu mzima aliyebakiza kidogo kustaafu, ambaye hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

"Hadithia tena, Bingwa," alisema Shangazi. "Pole pole. Mimi ni mwanamke, sina haraka."

Bingwa alikuwa fundi wa kufufua magari ya kale, na hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya kazi yake. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta, jicho la pili liliwaka kwa yote mawili.

"Nililikuta bandani kwa mtu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Gari la Kiingereza, la wazi, viti viwili, boneti ndefu kama ulimi wa mbwa aliyechoka kukimbia. Watu walinicheka. Nikasema chekeni, meno ni yenu. Bati nilinyoosha kwa mkono. Mbao za sakafu nilichonga. Rangi ya kijani niliichanganya mwenyewe mpaka ikawa kama jani la mgomba baada ya mvua. Hakuna gari kama lile, Shangazi. Ukiliona unavua kofia hata kama hukuvaa."

"Halafu ukaenda hospitali."

"Kutolewa mtoto wa jicho. Narudi, banda tupu. Kufuli zima, mlango mzima, gari hakuna."

"Nani aliripoti?"

"Mdogo wangu. Alikimbia kituoni hata viatu hajavaa."

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima walimwita Bamdogo kwa kuwafuata watoto wa Bingwa, alikuwa ameinamia injini ya lori upande wa pili. Aliinua mkono mweusi kwa grisi kuonyesha kwamba amesikia, akaendelea na kazi.

Yaliyofuata Shangazi aliyajua. Jumamosi gazeti lilitoa tangazo lenye picha: gari la michezo la Kiingereza, la zamani, limefufuliwa likafufuka, linauzwa katika shoruma kubwa ya mjini. Bingwa alipoiona ile picha alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Lakini mwenye shoruma alikuwa na karatasi zote, na namba ya chasisi kwenye karatasi ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye gari, wala haikuwa namba ya gari la Bingwa. Mnunuzi alikuwa anakuja mchana huo huo kulichukua na kulivusha mpaka. Likishavuka, limekwenda. Na Bingwa atabaki mzee mmoja mwenye kijicho aliyemwita mfanyabiashara mwizi, na wakili wa shoruma alikwisha kutuma salamu kuhusu jambo hilo.

"Una alama yoyote kwenye gari?" aliuliza Shangazi. "Kitu ambacho karatasi haiwezi kukibadilisha?"

Bingwa alisogea karibu. "Chini ya kiti cha dereva niligonga nyota ndogo kwenye bati. Ni mimi na Bamdogo tu tunaoijua. Hata mke wangu hajui."

"Sasa nimejua," alisema mkewe, akimwongezea Shangazi chai. Kisha, kwa vile mgeni alionekana mtu wa kusikiliza, akaketi. "Mimi nilimwonea huruma shemeji kuliko hata mume wangu. Lile tangazo alilisoma, akalikunja, akalitia motoni. Nikamwambia tulia, shemeji, polisi watalipata. Unajua alinijibu nini? 'Mtaalamu wao? Mtaalamu wao yupi?' Tangu siku hiyo chakula anakigusa tu."

"Liliandikwa hivyo? Mtaalamu wao?"

"Limefufuliwa na mtaalamu wetu. Hivyo hivyo."

Shangazi alipuliza chai iliyokwisha kupoa. Macho yake yalikuwa yanatembea ukutani. Rafu ya spana ilifungwa kwa skrubu. Ubao wa swichi ulifungwa kwa skrubu. Hata ndoano ya kutundikia taulo. Na kila skrubu, ule mfereji wake wa kuingizia bisibisi ulikuwa umesimama wima, kama askari kwenye gwaride.

Sajenti Redio alifuata macho yake. "Hapa hata misumari inapiga saluti."

"Skrubu iliyolala upande," alisema Bingwa, "ni kama mtu aliyetoka nyumbani hajafunga zipu. Kazi inafanya, lakini aibu. Ukifanya kazi kwangu unajifunza hilo kabla ya kujifunza kushika nyundo. Muulize Bamdogo vibao alivyokula."

"Nilikula vingi," alisema Bamdogo, bila kugeuka.

"Na kibati cha namba kwenye gari lako?" aliuliza Shangazi. "Ulikifungua?"

"Nilikitoa, nikapaka rangi, ikakauka, nikakirudisha. Ndiyo kazi safi. Skrubu zake za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaweka za kwangu, zenye mfereji mpana."

Shangazi aliinuka, akashukuru kwa chai, akasema wote wawili, kaka na mdogo, wavae mashati wafuatane naye. Bamdogo alisema ana lori la mtu. Shangazi akasema lori halina mguu.

*

Mwenye shoruma aliitwa Manukato, na hakukuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Harufu yake iliwapokea mlangoni, mwenyewe akafuata.

"Karibuni, karibuni. Inspekta, nimeambiwa wewe unapenda chai."

"Leo nimeshiba," alisema Shangazi.

Gari lilikuwa katikati ya sakafu ya vigae, limewashiwa taa kutoka juu. Sajenti Redio alinyamaza. Jambo hilo peke yake lingetosha kuandikwa kwenye ripoti. Kijani chake kilikuwa kinaingia ndani, kinakuvuta. Magurudumu ya spoku yaling'aa kama vito. Kioo cha mbele kifupi, kimelala nyuma kidogo, kama kwamba gari limesimama lakini upepo bado unalipiga. Bingwa alivua kofia. Safari hii alikuwa ameivaa.

"Ni lenyewe," alisema.

"Mzee wangu," alisema Manukato kwa upole wa kulipiwa, "kiwanda kilitoa mengi ya aina hii, na mengi yalikuwa kijani. Nakuelewa. Ukipoteza mbuzi, kila mbuzi unamwona wako."

"Mbuzi wako wewe anaota pembe bandia."

"Nyamazeni," alisema Shangazi. "Sajenti, toa kiti cha dereva."

Kiti kilitoka. Bamdogo alibaki mlangoni, amekunja mikono, anatazama barabara. Bingwa alipiga magoti kwa taabu, akaingiza mkono, akapapasa. Alipapasa sana. Uso wake ulianza kubadilika.

"Tochi," alisema.

Sajenti alimulika. Bati lilikuwa laini, la kijani, safi. Hakuna nyota wala kivuli chake.

Manukato hakucheka, alifanya vibaya zaidi, alimpa Bingwa mkono amsaidie kuinuka. "Pole sana, mzee wangu. Macho yako yapone kwanza. Inspekta, mimi sitaki makuu. Aniombe radhi mbele ya watu wangu hapa, yaishe. Mnunuzi wangu yuko njiani."

Bingwa aliukataa ule mkono, akasimama mwenyewe akishika mlango wa gari. Vijana wa mauzo walikuwa wamejipanga nyuma ya meza, wanauma midomo. Mtu aliyekuwa mrefu gerejini alikuwa amepungua kimo.

"Radhi itakuja," alisema Shangazi. "Lakini mimi nina udhaifu, Bwana Manukato. Napenda magari. Nionyeshe hili lako, unisimulie, roho yangu itulie."

Hakuna muuzaji anayekataa kitu kama hicho. Manukato aliinua boneti kama anayefunua zawadi.

"Injini ni ya asili. Mtaalamu wangu aliifungua yote. Lakini fahari yenyewe ni hii hapa." Aligusa kwa kidole kibati kidogo cha shaba kwenye ukuta wa injini. "Kibati cha namba. Magari haya namba haikugongwa kwenye chuma, ilikaa hapa tu. Hiki hakijawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Hata wakati wa kupaka rangi, mtaalamu wangu alikifunika kwa karatasi ya gundi akapuliza kukizunguka. Mnunuzi anayejua vitu hulipia jambo hilo kuliko hata injini."

"Hakijawahi kufunguliwa."

"Kamwe."

"Sajenti, umemsikia?"

"Na nimemwandika."

Shangazi aliinama juu ya kibati. Alikaa hapo kitambo. Kisha akaenda kwenye gari jeupe lililokuwa kando, la kiwanda hicho hicho, kuukuu, bado halijaguswa. Akaomba lifunguliwe boneti. Akainama. Akaenda kwenye jeusi, lililokwisha kutengenezwa, akainama pia, halafu akapitisha kidole kwenye fremu ya kioo na kwenye bawaba za mlango. Manukato alimfuata huku na huku, harufu yake ikitangulia.

"Unatafuta nini, Inspekta?"

"Tabia," alisema Shangazi. "Hili jeusi nalo alilitengeneza yule yule mtaalamu wako?"

"Huyo huyo. Ni mmoja tu."

"Njooni wote."

Aliwapanga mbele ya gari jeupe. "Kibati hiki kimetoka kiwandani na hakijaguswa, kutu inashuhudia. Tazameni skrubu zake. Moja mfereji wake unatazama mlango, nyingine unatazama dari, nyingine umelala kabisa. Mtu wa kiwandani anakaza akienda, magari yanamngoja kwenye foleni. Hana muda wa urembo." Akawahamisha hadi kwenye jeusi. "Hii ni kazi ya mtaalamu wetu. Bawaba, kioo, kila kitu. Skrubu zimelala kama walevi sikukuu ya mshahara. Si kosa, gari linatembea. Sasa rudini kwenye la kijani."

Walirudi. Sasa, kwa kuwa wameambiwa pa kutazama, waliona. Kwenye fremu ya kioo, kwenye bawaba, kwenye dashibodi, kila mfereji ulikuwa umesimama wima. Kijana mmoja wa mauzo alisema "ala" chini chini.

"Mtaalamu aliyetengeneza lile jeusi," alisema Shangazi, "hakutengeneza hili. Na kibati hiki ambacho hakijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, skrubu zake zote zimesimama vivyo hivyo. Kiwanda kilimpenda nani hivyo?"

Manukato alirekebisha tai ambayo haikuwa na tatizo. "Labda mtaalamu wangu alikifungua kukisafisha. Siwezi kukumbuka kila kitu."

"Kamwe, ulisema. Basi tukifungue. Kama rangi ilipulizwa kukizunguka, chini yake tutakuta rangi ya kiwandani au chuma kitupu. Mwite na mtaalamu wako aje ashuhudie."

"Yuko safarini."

"Yule naye ana bahati ya kusafiri. Bisibisi."

Kijana wa mauzo alileta moja. Ilikuwa nene. Sajenti Redio aliiweka kwenye skrubu, ikakataa kuingia, akaiegemea kwa uzito wa mwili wake wote.

"Ngoja, ngoja, sajenti, utaula mfereji huo." Bamdogo alikuwa ametoka mlangoni kabla hajajijua. Alikwisha kutia mkono mfuko wa shati, akatoa bisibisi fupi ya mpini wa mbao, ncha yake imesuguliwa kwa tupa mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. "Tumia hii."

Iliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Skrubu zilitoka moja moja. Kibati kikabanduka. Chini yake ukuta wa injini ulikuwa kijani, kijani kile kile, kimekwenda moja kwa moja bila mpaka wala mshono. Rangi ilipakwa kwanza, ikakauka. Kibati kikaja baadaye.

Manukato aliketi kwenye kiti cha dereva kilichokuwa sakafuni.

Bingwa alicheka. Alicheka kwa tumbo lote, akamgeukia kila mmoja, akawaonyesha vijana wa mauzo kidole. "Jani la mgomba baada ya mvua. Nimesema sikusema? Mtaalamu wetu! Mtaalamu ni huyu hapa, mwenye jicho moja, na bado anawashinda wenye mawili."

Shangazi hakucheka naye. Angependa mambo yaishie hapo. Kazi ilikuwa safi, na kwa kweli alijivunia. Lakini alikuwa ameichukua ile bisibisi kwa Sajenti, anaitazama ncha yake.

"Bamdogo," alisema, "tangu tuingie umesimama pale mlangoni. Boneti hii hujaikaribia. Umejuaje kwamba mfereji ni mwembamba?"

"Magari ya aina hii ndivyo yalivyo, Shangazi. Mtu anazoea. Na letu ndilo lilikuwa hivi hivi."

"Letu?" alisema Bingwa, bado ana kicheko mdomoni. "Skrubu za letu niliweka pana. Umesahau? Wewe mwenyewe ulin..."

Bingwa alinyoosha mkono, akaichukua ile bisibisi kutoka kwa Shangazi, akaipitisha ncha kwenye kidole gumba, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Tupa iliyosugua chuma kile ilikuwa tupa yake; aliujua mkwaruzo wake.

"Umeichonga lini hii?" aliuliza.

Bamdogo alimtazama kaka yake, kisha akatazama sakafu. Alipojibu hakumjibu yeye. Alimjibu Manukato aliyekuwa amekaa chini.

"Ulisema jina langu litaandikwa kwenye tangazo."

"Mimi sikujui wewe," alisema Manukato.

"Ulisema picha na jina. Nikakuletea gari, nikabadilisha na kibati. Ukaandika mtaalamu wetu."

"Jina?" alisema Bingwa. "Umeniibia kwa sababu ya jina?"

"Milango nani aliinyoosha, kaka? Viti nani alishona? Ulipokuwa huoni tena, ile rangi ya mwisho nani aliipuliza?" Sauti yake haikupanda. "Mtu akiingia gerejini anasema, gari la Bingwa. Na wewe unasema, ndiyo, mimi. Hata leo asubuhi: 'Bati nilinyoosha, mbao nilichonga.' Mimi niko pale pale kwenye lori, nasikia."

Bingwa aliinamia tena pale kilipokuwa kiti cha dereva.

"Na nyota?" aliuliza.

"Niliisaga. Nikapaka juu."

"Sikuigundua kwa kidole."

"Ulinifundisha wewe."

Shangazi alimpa Sajenti ishara, naye akawaita makonstebo wawili waliokuwa wakingoja nje kwenye gari la polisi. Pingu zilitoka, jozi ya kwanza ikamwendea Manukato, aliyekuwa ameanza kumtaja wakili wake. Jozi ya pili Bamdogo aliinyooshea mikono mwenyewe.

"Nina swali moja tu limebaki," alisema Shangazi. "Skrubu za kibati. Ungeziacha vyovyote, nisingeona kitu. Kwa nini ulizisimamisha?"

Bamdogo alifikiri. "Nilikuwa na tochi mdomoni, nina haraka, jasho linanitoka. Nikaziacha, nikafunga boneti. Nikafika mlangoni." Akatikisa kichwa. "Mkono ulikataa. Nikarudi."

Bingwa alizitazama zile skrubu ndogo kwenye kiganja cha Sajenti. Alisimama hapo mpaka Manukato akatolewa nje na harufu yake ikapungua. Sajenti Redio baadaye aliapa kwamba alidhani mzee atampiga mdogo wake.

"Bora uliziweka sawa," alisema Bingwa.

Kisha akakohoa, akajinyoosha, kimo chake kikarudi. "Maelezo yangu mnaandika hapa au kituoni?"

"Hapa panatosha kuanzia," alisema Shangazi.

Sajenti alifungua ukurasa. "Gari lililotajwa, nani alilifufua?"

"Andika mdogo wangu. Jina lake kamili, ukikosea herufi nitakurudisha. Milango, viti, na rangi ya mwisho. Halafu chini yake uniandike mimi, na yaliyobaki."

Bamdogo, akiwa anapitishwa mlangoni na konstebo, alisimama kidogo, hakugeuka, akaendelea kutembea.

Ndipo alipoingia mnunuzi, mtu wa suti nyepesi, funguo zake bado zinaning'inia kidoleni. Alilitazama lile gari lililowekwa wazi boneti, kiti kikiwa sakafuni, akawatazama polisi, lakini macho yake yenyewe yalirudi kwenye gari bila kutumwa.

"Samahani," alisema. "Hili gari ni la nani?"

"Letu," alisema Bingwa. "Mimi na yule anayepandishwa kwenye gari la polisi pale nje. Haliuzwi. Lakini tazama, ndugu yangu, zunguka utazame. Anza na milango."